Chenji ya rada ilirudi, watoto walishaondoka

Septemba 1999 Serikali ya Tanzania ilitia saini mkataba wa kununua mtambo wa rada kutoka kampuni ya Uingereza iliyokuja kuwa sehemu ya BAE Systems. Bei ilikuwa dola milioni 39.97. Kati ya Januari 2000 na Desemba 2005, dola milioni 12.4 zikalipwa kwa makampuni ya wakala mmoja aliyekuwa akifanyia shughuli zake Dar es Salaam. Hiyo ni asilimia 31 ya bei yote. Malipo yalipita njia mbili. Asilimia 1 ilipita mlango wa mbele, kwa mkataba wa kawaida wa uwakala. Asilimia 30 ilipita Red Diamond, kampuni iliyosajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza na kumilikiwa na BAE wenyewe, ikaenda kwenye kampuni nyingine iliyosajiliwa Panama.

Ukitaka kujua ni kamisheni ya namna gani, usihangaike na jina lililoandikwa kwenye ankara. Tazama njia iliyopita. Hakuna mlobi, yaani mshawishi wa kulipwa, anayehitaji maficho mawili ya ng'ambo ili alipwe ujira halali.

Rada yenyewe ilizua ubishi kabla hata haijafungwa. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), walioombwa maoni na Benki ya Dunia, walisema ni ghali mno na haikidhi vya kutosha mahitaji ya ndege za kiraia. Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa wa Uingereza wakati huo, Clare Short, aliupinga ununuzi huo ndani ya serikali yake mwenyewe akashindwa, na mwishoni mwa 2001 kibali cha kuuza kikatolewa. Fedha za kununulia zilikuwa mkopo wa benki ya Barclays. Mkopo maana yake mlipaji ni Hazina, na Hazina ni kodi ya anayenunua sukari na mafuta ya taa.

Tazama na majira yake. Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya mwisho ya mpango wa msamaha wa madeni kwa nchi maskini, kwa ahadi kwamba fedha zitakazookolewa zitakwenda kwenye huduma za jamii. Mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Ada ikafutwa, watoto wakafurika, madarasa ya watoto mia yakawa jambo la kawaida, na vitabu vikawa vya kugombania. MMEM ulipanga ruzuku ya dola 10 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, sehemu yake ikiwa ya vitabu.

Sasa chukua zile dola milioni 12.4 ugawe kwa 10. Ni ruzuku ya mwaka mzima ya wanafunzi 1,240,000. Au ukipenda, ni ruzuku ya watoto zaidi ya 177,000 kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Nimeweka hesabu hii hapa kwa sababu rushwa kubwa huzungumzwa kwa mabilioni, na mabilioni hayamuumi mtu. Inaposemwa kwamba rushwa inavunja haki za binadamu, watu wengi husikia lugha ya semina. Lakini mtoto aliyesoma hadithi ya Kiswahili kwa kuchungulia begani mwa mwenzake ana jambo mahususi alilonyimwa, lenye bei inayojulikana, na fedha yake inaonekana ilikopita.

Mahakamani, mwathirika hakuwepo

Februari 2010 Ofisi ya Uingereza ya Makosa Makubwa ya Ulaghai, SFO, ilitangaza makubaliano na BAE. Kampuni ingekiri kosa moja tu: kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu, kinyume cha Sheria ya Makampuni ya 1985. Neno rushwa halimo. Jumla ya malipo ingekuwa pauni milioni 30, na kiasi chochote ambacho mahakama ingetoza kama faini kingetolewa humo, kinachobaki kipelekwe kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania.

Desemba 2010 Jaji Bean wa mahakama ya Southwark, London, alijikuta kwenye kona. Kila pauni aliyoongeza kwenye faini alikuwa anaipunguza kwa Mtanzania na kuipeleka kwa Hazina ya Uingereza. Alisema wazi kwamba waathirika ni watu wa Tanzania, na kwamba uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ungeweza kupata rada kwa bei ya chini sana kama zile dola milioni 12 zisingelipwa. Alisema pia kwamba kuamini wakala yule alikuwa mlobi tu anayelipwa vizuri ni ujinga uliopitiliza. Kisha akatoza faini ya pauni 500,000 na gharama za kesi pauni 225,000. Kwa Tanzania zikabaki pauni milioni 29.5, takriban shilingi bilioni 72 za wakati huo.

Hakuna mtu, Uingereza wala Tanzania, aliyetiwa hatiani kwa kutoa au kupokea rushwa ya rada. Hilo linajulikana na linaudhi. Linalozungumzwa kidogo ni kwamba ndani ya makubaliano yale hapakuwa na ratiba ya malipo, wala njia, wala mpokeaji. "Wananchi wa Tanzania" si jina la akaunti ya benki. Kwa hiyo mwaka mzima wa 2011 ukaliwa na mvutano. Kampuni ilitaka kugawa fedha kupitia bodi yake ya ushauri, Serikali ya Tanzania ikataka zije kwake. Wabunge wakiongozwa na Naibu Spika Job Ndugai walisafiri hadi London kudai, na kamati ya Bunge la Uingereza ikaikaripia kampuni kwa kuchelewesha. Fedha ziliingia Machi 2012, zikatengwa kwa vitabu, miongozo ya walimu, mihtasari na madawati kwa shule za msingi takriban 16,000. Mitaani zikaitwa chenji ya rada.

Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 1999, mwaka wa mkataba, alimaliza la saba mwaka 2005. Vitabu vilipofika, kama alifaulu kuendelea alikwisha maliza kidato cha sita, na kama hakufaulu alikuwa na miaka saba mtaani. Chenji ilikuwa halali, ila aliyeipata ni mdogo wake.

Bado kesi ile ina jambo moja nalitetea popote: fedha zilirudi zikiwa na jina la matumizi. Linganisha na iliyofuata. Mwaka 2012 hadi 2013 Serikali ilikuwa inakopa dola milioni 600 kupitia Standard Bank ya London na benki dada yake ya Dar es Salaam. Ada ilianza kujadiliwa kwa asilimia 1.4. Ikapanda hadi 2.4, na asilimia 1 iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ikaenda kwa kampuni ya hapa iitwayo EGMA. Mmoja wa wenye hisa na wakurugenzi wake alikuwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato, tena akiwa kazini. Machi 2013 karibu fedha zote zilitolewa taslimu dirishani ndani ya siku chache, na wafanyakazi wa benki ndio waliostuka na kupaza sauti. Benki ikajipeleka yenyewe SFO. Tarehe 30 Novemba 2015 mahakama ya London iliidhinisha makubaliano ya kuahirisha mashtaka, ya kwanza kabisa ya aina hiyo Uingereza, ambamo Tanzania ilirudishiwa zile dola milioni 6 na riba ya zaidi ya dola milioni 1.

Miaka miwili na miezi minane tu, bila ubishi wa nani apokee. Kasi hiyo ilitokana na sababu mbili: benki ilijitangaza yenyewe, na mpokeaji alitajwa ndani ya hati. Ila safari hii fedha ziliingia mfuko mkuu wa Serikali bila masharti ya matumizi. Huwezi kuonyesha dawati, kitanda cha wodi wala kisima ukasema hiki ni cha zile milioni saba. Kwa mhasibu deni limefungwa. Kwa raia hakuna kilichobadilika anachoweza kukishika.

Haki isiyo na mlango wa mahakama

Katiba ya Tanzania inaijua rushwa. Ibara ya 9(h) inaitaka Serikali ihakikishe aina zote za dhuluma, vitisho, ubaguzi, rushwa, uonevu au upendeleo zinaondolewa nchini. Ibara ya 11 inataja haki ya kujielimisha. Sasa rudi nyuma hadi Ibara ya 7(2), ambayo inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kisheria na mahakama yoyote. Ibara zote mbili zimekaa ndani ya sehemu hiyo hiyo. Mzazi ambaye ruzuku ya shule ya mwanawe imeliwa hawezi kuzitumia kama msingi wa kesi. Anaweza kupeleka taarifa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Huko atakuwa shahidi, akibahatika. Mdai hatakuwa.

Kenya wamefungua mlango zaidi, kwenye maandishi angalau. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inatoa haki ya afya, makazi, chakula, maji, hifadhi ya jamii na elimu, na Ibara ya 22 inamruhusu mtu kwenda mahakamani hata kwa niaba ya wengine. Sheria yao ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, kifungu cha 51, inasema aliyefanya ufisadi anawajibika kumfidia yeyote aliyepata hasara. Kifungu cha 54 kinaitaka mahakama inayomtia mtu hatiani itoe amri ya fidia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, ulioanza kutumika Desemba 2005 na ambao nchi zote mbili zimeuridhia, una Ibara ya 35 inayodai jambo hilo hilo. Kinachokwamisha ni uthibitisho. Aliyeombwa shilingi elfu hamsini ili apate cheti anajua hasara yake, lakini wanafunzi milioni moja waliokosa kitabu kimoja kila mmoja hawana stakabadhi ya kitabu ambacho hakikuja.

Fundo hili lilikatwa vizuri Abuja. Mwaka 2010 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliamua shauri la asasi ya SERAP dhidi ya Nigeria, kuhusu fedha za elimu ya msingi zilizodaiwa kuibwa katika majimbo kadhaa. Serikali ilijitetea kwamba elimu ni lengo la sera tu, haidaiwi mahakamani. Mahakama ikakataa hoja hiyo. Halafu ikasema kitu kinachostahili kusomwa mara mbili: wizi wa fedha peke yake bado si uvunjaji wa haki ya elimu, kwa sababu mwizi anaweza kukamatwa na fedha kurudi. Lakini wakati Serikali inamfukuza mwizi, ni lazima itoe fedha za kuziba pengo, watoto wasikose elimu kwa kosa lisilo lao.

Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua moja ambayo serikali yoyote ya ukanda wetu ingeweza kuichukua katika bajeti ijayo, bila kusubiri hukumu wala kubadili katiba. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu, CAG, husomwa kila mwaka. Tunahesabu mabilioni, kamati za Bunge za hesabu za Serikali na za halmashauri, PAC na LAAC, zinahoji, maofisa wanasimamishwa, na wengine wanahamishiwa wilaya nyingine kama kuku wa mnadani. Kwenye majibu ya hoja kuna safu ya nani alikosea na hatua gani imechukuliwa. Hakuna safu ya huduma ipi ilikosekana, kwa watu wangapi, na pengo limezibwa lini kwa fungu gani. Iongezwe safu hiyo. Kama dawa za milioni 80 zililipiwa na hazikufika zahanati, Hazina ilete dawa robo ya mwaka inayofuata na deni liandikwe kwa halmashauri husika hadi watuhumiwa walipe. Pingamizi litakuja haraka: mtakuwa mnawazoesha wezi kwamba Serikali italipa. Lakini kumnyima mgonjwa dawa hakujawahi kumtisha mwizi wa dawa. Anayetishika ni mwenye deni lililoandikwa kwa jina, linalosomwa kila mwaka mpaka liishe.

Mahali rushwa inapoingilia

Watu wengi hutazama siku ya kufungua zabuni. Aliyebobea huwa amemaliza kazi mapema zaidi, katika kuandika mahitaji. Rada ilikuwa hivyo: ukishaamua unataka mtambo wa kijeshi wa aina fulani, washindani wamebaki wachache. Shuleni ni vilevile kwa udogo wake. Andika kwamba dawati liwe na bomba la kipimo ambacho fundi mmoja tu wilayani analo, na umeshamchagua. Dalili ya pili ni kuipasua zabuni moja vipande vidogo ili kila kipande kiwe chini ya kiwango kinachodai ushindani. Ya tatu ni nyongeza za mkataba baada ya kusaini, ambako aliyeshinda kwa bei ya chini hurudisha faida yake.

Mfumo wa NeST wa ununuzi wa umma kwa mtandao, ulioanza 2023, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka huo vimebana eneo la katikati. Tangazo, maombi na ufunguzi viko mtandaoni na bahasha haichanwi usiku. Vimeacha ncha mbili, ya kuandika mahitaji na ya kupokea mzigo, kwa sababu kompyuta haiendi kuhesabu madawati. Na vimeacha swali la nani yuko nyuma ya kampuni. Tangu 2020 sheria inataka wamiliki manufaa, yaani wanaonufaika na kampuni hasa, watajwe BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, lakini daftari hilo ni la vyombo vya dola, mwandishi wa habari halifungui. Ningependa lifunguliwe walau kwa kampuni zinazoshinda zabuni za umma, pamoja na sharti kwamba kila wakala, kiwango cha kamisheni yake na nchi ya akaunti atakayolipiwa vitajwe ndani ya mkataba, na malipo yoyote nje ya hapo yaufanye mkataba ubatilike. Sharti hilo lingekuwepo 1999, ile asilimia 30 ya kupitia Panama ingebidi iandikwe mahali ambapo mwanasheria wa Serikali angeiona.

Kuhusu fedha zinazorudi, mifano ipo ya kuchagua. Kazakhstan, dola zaidi ya milioni 80 zilizokuwa zimezuiwa Uswisi ziliendeshwa na taasisi huru ya BOTA kati ya 2009 na 2014 kwa ajili ya watoto na vijana wa familia maskini, nje ya mikono ya serikali. Costa Rica mwaka 2010 ilidai na kulipwa dola milioni 10 na kampuni ya Alcatel-Lucent kama fidia ya madhara kwa jamii, kichwa cha madai ambacho sheria yao inakitambua na zetu bado. Nigeria ilirejeshewa na Uswisi dola milioni 322 za familia ya Abacha, zikagawiwa kaya maskini chini ya uangalizi wa Benki ya Dunia. Kila njia ina gharama zake, na taasisi huru huchukua miaka kujengwa. Lakini zile za Kazakhstan na Nigeria zinaanza na uamuzi ambao Tanzania haikuufanya kwenye kesi ya pili, ya Standard Bank: kuandika matumizi kabla fedha haijaingia.

Sasa ncha ya chini kabisa. Uganda, kati ya 1991 na 1995, watafiti waliofuatilia ruzuku ya shule za msingi kutoka hazina hadi shuleni waligundua kwamba zilizofika ni wastani wa asilimia 13. Serikali ilianza kuchapisha kwenye magazeti kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kilichopokelewa. Kufikia 2001 zilikuwa zinafika zaidi ya asilimia 80. Magazeti peke yake hayakufanya muujiza huo, kulikuwa na mageuzi mengine pia, ila bila namba ya juu mzazi hana cha kulinganisha na namba ya chini.

Tanzania mpango wa ruzuku kwa shule ya msingi umekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 za kupelekwa shuleni na 4,000 za kubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shilingi 6,000 ni 500 kwa mwezi. Shule ya watoto 800 inatarajia 400,000 kila mwezi. Mjumbe wa kamati ya shule anayeijua hesabu hiyo anamsumbua mwizi kuliko bango lolote la TAKUKURU ukutani.

Kwenye mapokezi kosa huwa lile lile. Gari linafika jioni, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi yuko shambani, mwalimu anasaini "yamepokelewa madawati 100" kwa kuamini idadi iliyo kwenye hati ya mzigo, na siku ya pili yanahesabiwa 84. Saini ikishakaa, mzabuni analipwa yote na kisheria shule imekiri. Dawa yake ni kuhesabu mbele ya dereva, kuandika kwa mkono "yamepokelewa 84, pungufu 16" kwenye nakala zote kabla ya saini, na wajumbe wasiopungua watatu kuweka majina na tarehe. Kagua na ubora hapo hapo: unene wa ubao kwa rula dhidi ya ule ulioandikwa kwenye LPO (hati ya kuagiza mzigo), viungio vya chuma vimechomelewa pande zote au vimegusishwa tu, misumari au boliti.

Mwenye shaka asiye mjumbe anaweza kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016, inayompa raia majibu ndani ya siku 30. Barua ya jumla, "naomba taarifa za fedha za shule", itajibiwa kwa jumla au itapotea. Taja shule, mwaka wa fedha na robo yake, kisha omba vitu vinne: kiasi cha ruzuku kilichopokelewa kila mwezi, nakala ya LPO, nakala ya hati ya mapokezi yenye majina ya waliosaini, na hati ya malipo kwa mzabuni. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa mapokezi na tarehe, ubaki nayo. Siku 30 zinahesabiwa kutoka kwenye mhuri huo.